Shajara ya tangi la Plata: kambare wa deraya jijini Nairobi

Januari 6

Tangi limefika: sentimita 90 kwa 45 kwa 40. Fundi wa vioo ameligandisha kwa silikoni na akanisisitizia nisitie hata tone la maji kabla ya siku tatu kupita. Nimeliweka juu ya meza ya chuma pembeni mwa sebule, mahali jua halifiki.

Naanza kuandika leo, kabla ya samaki, ili nisije nikasahau kilichonisukuma. Nataka kuwafuga kambare wa deraya wenye madoadoa, hawa wadogo wanaouzwa hapa Nairobi kwa jina la kori, katika maji yanayofanana na ya kwao. Na kwao si Amazon. Kila duka nililoingia limewatia kwenye maji ya vuguvugu pamoja na samaki wa nchi za joto, juu ya kokoto za rangi, na muuzaji hunieleza vilevile: hawa ni wa kusafisha chini, hula mabaki, usiwape chakula. Imeniuma kiasi kwamba nimeamua kuonyesha, japo kwenye tangi moja, namna samaki huyu anavyoishi akipewa mto wake.

Mto wake ni sehemu ya chini ya mto Paraná huko Amerika Kusini, mto Uruguay, na vijito vya pwani ya Uruguay na kusini mwa Brazil. Sehemu kubwa ya maji hayo huishia Río de la Plata, kati ya Buenos Aires na Montevideo. Ni nchi ya tambarare yenye nyasi, na ina majira ya baridi ya kweli: wastani wa joto la hewa Buenos Aires mwezi Julai ni nyuzi 11 hivi, Januari ni karibu 25. Waargentina humwita samaki huyu tachuela, msumari mdogo. Hustarehe kwenye maji ya nyuzi 18 hadi 23. Nimepima ndoo ya maji iliyolala jikoni usiku kucha: nyuzi 20. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hita sinunui.

Januari 10

Siku nzima nimeosha mchanga.

Jirani anajenga, na lori la mchanga wa mto kutoka Machakos lilikuwa limemwagwa getini. Nikamwomba msimamizi wa mjengo madebe mawili. Akanipa, ila alinitazama sana nilipoanza kuuchekecha palepale kwa chekecheo la unga. "Mkubwa, huu ni wa kupiga plasta ama wa kupika?" Nikamweleza. Akachutama tukaendelea pamoja karibu nusu saa, akinionyesha jinsi ya kuujua mchanga uliosuguliwa na maji kwa kuufinya baina ya vidole: chembe zake hazichomi.

Hilo la kutochoma ndilo kila kitu. Kori ana jozi za masharubu mdomoni, laini kama uzi mbichi, na ndiyo anayotumia kutafutia riziki. Huzamisha pua mchangani hadi machoni, huchota mchanga mdomoni, humeza kijidudu au mnyoo aliyemo, kisha huutoa mchanga kupitia kwenye matamvua. Ukimweka juu ya kokoto zenye makali, hana namna ya kula hivyo. Masharubu huchubuka, uchafu ulionasa katikati ya kokoto huyatia vidonda, na mwishowe huisha kabisa akabaki na mdomo mtupu. Nimeona samaki wa hivyo madukani, tena si mmoja.

Nimeuosha mara kumi na moja, hadi maji yakatoka meupe. Umelala sentimita nne chini ya tangi.

Januari 13

Maji ndani, chujio la sponji limeanza kububujika kwa pampu ndogo ya hewa. Nimeweka matawi makavu ya mpera, mawe matatu ya mviringo, na upande wa nyuma nyuzi za katani zilizofumuliwa zikining'inia kutoka juu.

Nyuzi hizo zimeshika nafasi ya gugu maji. Watu wa Kisumu watashangaa, lakini mmea uliofunika ghuba za Ziwa Victoria na kuwafungia wavuvi njia ni mwenyeji wa Amerika Kusini, na kwenye Paraná ni sehemu ya maisha ya kila siku. Visiwa vyake huelea vikiteremka na mafuriko, na mizizi yake ni kichaka ambamo samaki wadogo hujificha na kula. Kwao una maadui wake, wadudu wanaoutafuna, na mto unaopanda na kushuka. Kwetu ulikuja peke yake. Ningeweza kupata mche mmoja kwa urahisi, lakini sitauleta nyumbani kwangu, hata kwenye beseni. Katani inatosha.

Februari 14

Mwezi mzima hapakuwa na la kuandika ila vipimo. Nimekuwa nikitia amonia kidogo kidogo ili bakteria waote kwenye sponji: kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati. Mbili za kwanza ni sumu kwa samaki hata zikiwa kidogo, ya tatu huvumilika na hupunguzwa kwa kubadilisha maji. Leo ni siku ya tano mfululizo amonia na nitriti zinasoma sifuri.

Februari 17

Samaki wanane.

Duka sitalitaja. Walikuwa kumi na wawili kwenye maji ya nyuzi 28, wakipumua haraka haraka. Nimewachagua wale wenye masharubu mazima au yaliyobaki zaidi ya nusu. Wakati wa kuwatoa, mmoja alinasa wavuni. Kila pezi la kifua lina mwiba mbele yake, na la mgongo pia. Samaki akishtuka huikaza miiba hiyo ikasimama kama imefungwa kwa kufuli, na ndege au samaki mkubwa anayemmeza hujuta. Mwiba ukipenya kwenye matundu ya wavu hautoki. Kijana wa dukani alitaka kuvuta. Nikamwomba mkasi, naye bila kusita akakata wavu wake mwenyewe kuuzunguka mwiba. Nimemlipa wavu. Kuanzia leo nyumbani kwangu kori huhamishwa kwa kikombe.

Nimewaingiza taratibu, nikiongeza maji ya tangi kwenye mfuko kwa saa mbili, maana tofauti ya joto ilikuwa nyuzi saba. Sasa hivi, saa tatu usiku, wote wanane wamejikusanya nyuma ya nyuzi za katani. Hakuna hata mmoja aliyekwenda upande wake.

Februari 20

Wameanza kuchimba. Nilikaa mbele ya kioo na chai ikapoa.

Kwa karibu ndipo deraya inapoonekana. Hawana magamba kama ya sato. Kila ubavu una safu mbili za vigae vya mfupa, ya juu na ya chini, vikilaliana kama vigae vya paa, na safu hizo hukutana kwenye mstari wa katikati. Mwili ni wa rangi ya shaba iliyofifia, juu yake mabaka meusi na vidoa, na mwanga ukiwapiga kwa ubavu hung'aa kijani kibichi. Majike ni wanene na wakubwa kidogo, sentimita sita na ushei. Madume ni wembamba na pezi lao la mgongo ni refu zaidi. Kwa hesabu yangu nina majike matatu na madume watano.

Nimebandika karatasi pembeni mwa tangi yenye jina lao la kisayansi, na hapo kuna kisa. Charles Darwin aliwakusanya katika safari ya meli ya Beagle, 1831 hadi 1836. Samaki wa safari ile alikabidhiwa Leonard Jenyns, mtaalamu wa viumbe wa Uingereza, na mwaka 1842 huyu akawapa jina Callichthys paleatus. Baadaye wakahamishiwa Corydoras, jina lililoundwa na Mfaransa Lacépède mwaka 1803 kwa maneno ya Kigiriki yanayobeba maana ya kofia ya vita na ngozi. Mwaka 2016 watafiti wa Brazil waliwapitia upya, zaidi ya miaka 180 baada ya Darwin, na wakaeleza pia spishi nyingine mpya. Kisha mwaka 2024, kwa ushahidi wa vinasaba na wa mifupa, jamii kubwa ya Corydoras ikagawanywa, na hawa wangu sasa huitwa Hoplisoma paleatum. Nimeandika majina yote matatu, moja chini ya jingine. Samaki aliyepitia mikono mingi hivyo astahili kuandikiwa njia yake yote.

Machi 3

Mgeni wangu aliogopa leo. Samaki mmoja alipaa ghafla kutoka mchangani hadi juu, akagusa uso wa maji, akarudi chini kama jiwe. "Anakufa?" Hafi. Amevuta hewa. Kori hupumua kwa matamvua kama samaki wengine, lakini pia humeza hewa, na sehemu ya nyuma ya utumbo wake, yenye ukuta mwembamba uliojaa mishipa ya damu, hunyonya oksijeni humo. Hewa iliyobaki hutokea nyuma. Kwenye vidimbwi vya tambarare, maji yakipungua na kudorora, njia hiyo ya pili ndiyo inayomwokoa.

Wangu hupanda kila baada ya dakika kadhaa. Kwenye mwinuko huu maji hushika oksijeni kidogo kuliko Mombasa, kwa sababu kanieneo ya hewa ni ndogo. Nimeongeza kasi ya pampu. Nataka wapande kwa hiari yao, si kwa kulazimika.

Chakula: asubuhi tembe za samaki zinazozama, jioni nyungunyungu aliyekatwakatwa au viluwiluwi vya mbu kutoka kwenye pipa la mvua. Hawali mabaki. Wanakula chakula.

Machi 22

Mmoja amekufa, na kosa ni langu.

Bomba lilikauka siku sita. Maji ya bouza, lori la kuuza maji, yalipokuja nikajaza mitungi, na jioni nikabadilisha robo ya maji ya tangi bila kupima. Maji ya bomba hapa hutoka mabwawa ya milimani, ni laini. Ya bouza yalikuwa ya kisima, na visima vingi vya Nairobi vina maji yenye magadi na floraidi. Asubuhi mapezi ya wote yalikuwa yamefumbwa, na dume dogo lilikuwa ubavuni. Nilipopima, pH, kipimo cha uasidi na ualkali wa maji, ilikuwa imeruka kutoka 7.2 hadi 8.3. Walikuwa wamezoea jambo moja nami nikawapa jingine kwa dakika kumi.

Nimezunguka hadi kwa rafiki mwenye tangi kubwa la maji ya bomba nikaomba lita arobaini. Nimezirudisha kidogo kidogo usiku kucha. Saba wanapumua vizuri sasa. Nimenunua pipa la lita 200 liwe akiba, na karatasi za kupimia zimetundikwa kwenye mfuniko wake, mahali ambapo mkono utazikuta kabla ya kufika kwenye bomba.

Aprili 5

Machi ilikuwa ya joto, maji yalifika nyuzi 24. Majike mawili yamenenepa sana. Ukiwatazama kwa juu ni kama wamemeza maharagwe. Nawalisha nyungunyungu kila siku.

Aprili 11

Masika yameingia kwa kishindo. Tangu alasiri ya jana mbingu zimekuwa zikinguruma, na usiku mvua ikapiga mabati hadi sikusikia redio. Nilikuwa nimekinga maji ya mvua tangu wiki iliyopita. Saa mbili usiku nikatoa theluthi moja ya maji ya tangi na kurudisha mchanganyiko wa maji ya akiba na ya mvua, nyuzi 18. Tangi likashuka kutoka 23 hadi 21 hivi. Safari hii nilipima kabla. Stima ikapotea saa nne, nikalala.

Leo saa kumi na mbili asubuhi nimewakuta wakikimbizana.

Nilikuwa nimesoma habari hii mara nyingi, lakini kuiona ni kingine. Madume manne humfuata jike mmoja kote, wakimpapasa mgongoni kwa masharubu. Kisha dume mmoja hujiweka mbele yake kwa ubavu, naye jike hukandamiza mdomo wake kwenye tumbo la dume, wakawa kama herufi T. Hutulia hivyo sekunde chache, miili ikitetemeka. Uchunguzi uliofanywa kwa spishi ya jamaa yao, kori wa shaba, ulionyesha kwamba jike huzinywa mbegu za dume, zikapita utumboni mwake haraka na kutokea nyuma, pale anapokuwa ameyakunja mapezi yake ya tumbo kuwa mfuko. Ndani ya mfuko huo huangusha mayai mawili, matatu, manne. Halafu huondoka peke yake, hutafuta mahali, hupasafisha kwa mdomo, na kuyabandika.

Amebandika kwenye kioo, mbele yangu kabisa, karibu na bomba la chujio ambako maji hupita. Mengine kwenye nyuzi za katani. Kufikia saa nne na nusu nimehesabu 86.

Huko La Plata hapana masika ya kwetu, ila mvua baridi ikinyesha na mto ukapanda ni habari ileile mwilini mwa samaki: kanieneo imeshuka, maji yamepoa na kuwa mapya, chakula kinakuja. Mvua ya Nairobi imewaambia kitu wanachokielewa.

Aprili 11, jioni

Wazazi huyala mayai yao wakimaliza kutaga, kwa hiyo nimeyatoa yote kwa ukingo wa kadi ya plastiki, moja moja. Yana unato kama gundi na ni magumu kuliko nilivyodhani. Yako kwenye beseni jeupe lenye lita sita za maji yaleyale ya tangi na kipupu cha hewa.

Adui sasa ni ukungu. Yai lisilorutubishwa huota pamba, na pamba hiyo hutambaa hadi kwenye mazima. Dawa ya dukani ninayo, lakini nilitaka kwanza majani ya mkungu, ambayo wafugaji wa samaki wa Asia wameyatumia muda mrefu kwa sababu hutoa rangi ya chai na huzuia ukungu. Nilimpigia shangazi yangu Mombasa wiki iliyopita.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hujambo huko baridini?"

"Sijambo. Naomba majani makavu ya mkungu, yale yaliyoanguka yenyewe."

"Ya mkungu? Haya haya tunayofagia kila asubuhi? Nitakujazia gunia, uyafanyeje?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba babu yake alikuwa akiyaloweka kwenye mtungi wa maji ya kuogea watoto. Mfuko ulifika kwa basi jana. Nimetia majani mawili kwenye beseni, maji yameanza kuwa na rangi ya asali.

Aprili 13

Mayai 19 yametoka ukungu, nimeyatoa kwa sindano isiyo na ncha. Yaliyobaki yamekuwa ya rangi ya kahawia, na kwa lenzi naona kitu kikijipindua ndani.

Aprili 15

Siku ya nne. Wameanguliwa, si chini ya 50. Urefu milimita sita hivi, kichwa kikubwa, kiini bado kimening'inia tumboni. Wamejikusanya chini ya jani la mkungu kama kundi la wakubwa wao. Hawali bado, wanatumia kiini.

Aprili 18

Wameanza kula: minyoo midogo niliyokuza kwenye uji wa shayiri, na vifaranga vya artemia, vijikamba vya maji ya chumvi. Nabadilisha maji asubuhi na jioni, kwa mpira mwembamba wa dripu ili wasishtuke. Kazi ni nyingi kuliko nilivyotarajia na siitamani ipungue.

Mei 9

Wamebaki 41. Hasara kubwa ilikuwa wiki ya kwanza, ilivyo kawaida. Vidoa vinaanza kuonekana, na pezi la mgongo ambalo kwa kifaranga ni kubwa kupita mwili limeanza kulingana naye.

Mtoto wa jirani amekuwa akija kila jioni kuwahesabu. Leo ameuliza kama wakizidi tutawapeleka mtoni, waishi kwa raha. Nilikaa naye chini nikamweleza habari ya sangara, aliyetiwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo aliowala, ambao wengi hawapo tena. Na ile ya gugu maji. Akauliza, "Lakini hawa ni wadogo?" Nikamwambia hata gugu maji lilianza na mche. Ameelewa, au angalau amekubali. Watakaozidi watakwenda kwa watu wenye matangi ya mchanga na maji ya baridi, na kabla ya kumpa mtu nitakwenda kuliona tangi lake. Nina majina mawili tayari.

Mei 30

Sentimita moja na nusu. Nimewahamishia kwenye tangi la lita 40 lenye mchanga uleule wa Machakos, kwa kikombe. Dakika ya kwanza walibaki wamelala. Halafu mmoja akazamisha pua, akachota, na uzi mwembamba wa mchanga ukatoka pembeni mwa kichwa chake. Hakuwa amewahi kuuona mchanga maishani mwake.

Juni 24

Baridi imeingia. Maji asubuhi ya leo nyuzi 17.5 kwenye tangi kubwa, 18 kwa wadogo. Wakubwa wamepunguza mwendo lakini wanakula, nami nimewapunguzia chakula. Kwao pia sasa ni majira ya baridi.

Saa moja jioni nilikuwa nimezima taa, nimeacha ile ya jikoni tu. Kifaranga mmoja akatoka chini ya tawi, akapaa wima hadi juu, akagusa uso wa maji, akarudi alipokuwa. Baada ya muda mwingine naye akapaa.

Wako 38.